Ufundi Si wa Walioshindwa



Ndugu zangu wanafunzi, somo la leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mdogo wangu alipomaliza mwaka wa tisa wa shule ya msingi, alitamani kujifunza ufundi wa umeme. Mimi nilikuwa nimeshaingia chuo kikuu, na nyumbani neno langu lilisikilizwa. Nikamwambia baba, "Ufundi ni wa walioshindwa masomo." Mdogo wangu akapelekwa sekondari ya kawaida, akaichoka, akaacha. Leo anabeba mizigo mwaloni.

Likizo iliyopita nilirudi Rumonge, nikakuta taa ya sola ya mama haiwaki. Mimi nasoma fizikia, lakini mbele ya betri ile sikujua pa kuanzia. Akaitwa kijana fundi wa mtaani. Akasugua kutu kwenye betri, akakaza nyaya, akaigeuza paneli, taa ikawaka kabla ya magharibi. Mama alimlipa, akanitazama, hakusema kitu.

Dini yetu inatufundisha nini?

Nabii Nuhu (a.s.) aliunda safina. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme, na bado alifua deraya za chuma na kula jasho la mikono yake. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtu hali chakula bora kuliko alichokichuma kwa mikono yake. Basi anayedharau ufundi anadharau kazi ya Manabii.

Kazi za kijani ni zipi kwetu?

Ni kazi zinazompa mtu riziki bila kuharibu udongo, miti na maji tuliyopewa kuwa amana. Mwambaoni kwetu ziko nyingi. Nataja tatu.

1. Umeme wa jua. Tangu 2021, Mubuga mkoani Gitega kuna kituo cha sola cha megawati 7.5. Na majumbani paneli zipo, zinahitaji mafundi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini, ikiinama kidogo ili mvua ioshe vumbi. Betri ya asidi ikimalizwa chaji kila siku hufa mapema. Na ikifa isitupwe ziwani, maana ndani yake mna risasi, nayo ni sumu.

2. Kukausha ndagala. Zikianikwa mchangani hushika uchafu, na mvua ikinyesha huoza. Zikikaushwa kwa moshi hula kuni. Mwaka 2004 shirika la FAO lilianza kufundisha wavuvi na wachuuzi wa mwambao wa Burundi kuanika juu ya vichanja vya wavu, hewa ipite juu na chini. Hapo pana kazi ya seremala, ya mtaalamu wa usafi wa chakula, na ya mwenye kujua hesabu za biashara. Dada zetu, ambao wengi wanaishi kwa ndagala, wasisahauliwe.

3. Michikichi. Nyuzi na maganda yanayobaki baada ya kukamua mawese huwaka vizuri badala ya kuni. Lakini maji machafu ya kukamulia yakimwagwa mtoni huishia ziwani, hupunguza hewa majini, na samaki hufa. Fundi aliyesoma atajenga shimo la kuyazuia.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Neno moja la msomi hubadilisha njia ya mtoto. Pili, likizo hii tumwombe fundi mmoja awafundishe vijana wa sekondari kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye uwanja wa madrasa. Yeye afundishe mikono, sisi tufundishe hesabu na sayansi iliyo nyuma ya kazi ile. Sisi pia tutajifunza.

Nilimwomba mdogo wangu msamaha. Akasema, "Kaka, bado sijazeeka." Yule kijana aliyetengeneza taa ya mama amekubali kumchukua kama mwanagenzi. Naye ni mdogo kwa umri kuliko mimi, lakini sasa namwita mwalimu.

Maswali ya kujadili

1. Ni kazi gani ya kijani inayokosa fundi katika mtaa wako?
2. Ni nani nyumbani kwenu anayesubiri neno lako?

Wabillahi tawfiq.