Wawili Kutoka Mlimani Hadi Ngome ya Lamu

Mume na mke wa Meru au Embu wakitaka kupumzika pwani, wengi hukimbilia Mombasa. Mkitaka mji mdogo wenye ngome na vichochoro visivyopitwa na magari, nendeni Lamu. Huko mwendo ni wa punda na wa maji ya bahari, kwa hiyo pangeni kidogo.

1. Chagueni mwezi. Epukeni Aprili hadi Juni, masika yakipiga pwani. Oktoba huwafaa wakulima wa chai, kwani ndio msimu wa bonasi. Mkienda Ramadhani, hoteli nyingi za chakula hufungwa mchana.

2. Chagueni njia. Kwa nchi kavu, laleni Nairobi, pandeni treni ya SGR hadi Mombasa, mlale tena, kisha basi hadi Mokowe na boti hadi mjini. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imewahi kushambuliwa: ulizeni hali ya usalama kwanza, na msafiri mchana. Wenye wiki moja tu wapande ndege. Hutua kisiwa cha Manda, nanyi mnavuka kwa boti.

3. Fungeni mzigo mwepesi. Sanduku la magurudumu litawasumbua vichochoroni. Begi la mgongoni latosha. Sweta za mlimani ziacheni nyumbani. Chukueni nguo pana zinazofunika mabega na magoti.

4. Anzeni na ngome, asubuhi. Ujenzi wake ulikamilika 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Mombasa na Pate katika vita vya Shela. Baadaye ikawa jela hadi 1984. Leo ni makumbusho. Mkitoka, poteeni katika vichochoro vya mji mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001.

5. Ulizeni maji kabla ya kutoka. Njia ya ufukweni kwenda Shela hupitika vizuri maji yakipwa. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ni kinyume chake: boti huingia mikokoni maji yakijaa. Nahodha ndiye atakayetaja saa. Bei pataneni kabla ya kupanda.

6. Shikeni adabu ya mji. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msikumbatiane njiani. Chumbani kwenu hakuna wa kuwauliza.

7. Acheni siku moja tupu. Asubuhi kuleni mahamri kwa mbaazi, mchana laleni. Jioni kaeni barazani mnywe kahawa tungu kwa vikombe vidogo. Huko Embu wengi huchuma kahawa, kisha nyumbani hunywa chai. Hapa mtaionja pamoja, bila kuitazama saa.