Mwongozo kwa Watumishi wa Tiba ya Nyuklia: Chuma Mwilini na Hali ya Ini Kabla ya Skani

Kabla ya kuandaa sindano, mtumishi amuulize mgonjwa mambo mawili: ameongezewa damu mara ngapi, na ini lake likoje. Fomu ya maombi mara nyingi huandikwa "homa isiyojulikana chanzo" na kuishia hapo.

Skani inayoathirika zaidi na chuma ni ya galiamu-67. Galiamu ikiingia kwenye damu hubebwa na transferini, protini ileile inayobeba chuma. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu kwa miaka mingi huweza kuwa na transferini iliyokwisha kujaa. Hapo galiamu hukosa pa kushika, nyingi ikatoka kwa figo na nyingine ikaenda mifupani, na ini likaonekana hafifu. Picha hupigwa saa 48 hadi 72 baada ya sindano, kwa hiyo kasoro huonekana mgonjwa akiwa ameshapata mionzi. Majibu ya transferini na feritini yasomwe mapema, na daktari wa kitengo aamue kama skani nyingine itafaa. Tarehe ya damu au dripu ya chuma ya mwisho iandikwe. Wakiulizwa wameongezewa damu mara ngapi, wapo watakaojibu "nyingi tu". Fungua daftari la kliniki uhesabu mwenyewe. Mgonjwa asiachishwe dawa yoyote bila agizo la daktari.

Kwenye skani ya koloidi, ini zima huchukua sehemu kubwa ya dawa. Likijaa makovu, dawa huhamia kwenye wengu na uboho, hata uti wa mgongo ukaonekana wazi. Mgonjwa wa kichocho cha muda mrefu kutoka Kanda ya Ziwa huenda akawa na wengu mkubwa pia. Msomaji wa picha aambiwe.

Skani ya nyongo ndiyo yenye mtego. Bilirubini ikipanda, ini hupokea dawa polepole, na kuchelewa huko hufanana na mrija ulioziba. Mebrofenini huvumilia bilirubini ya juu kuliko disofenini, basi ikiwapo itangulizwe. Matumbo yasipoonekana, mgonjwa arudi saa 24 baadaye. Teknetiamu-99m hupungua nusu kila baada ya saa 6, hivyo itakuwa imebaki sehemu moja tu kati ya kumi na sita: kamera iachwe ikusanye kwa muda mrefu zaidi, na mgonjwa aelezwe mapema kwamba atalala kimya kwa muda.