Vidokezo 7 vya Kudhibiti Kasoro za Kurithi Zizini

Mfugaji wa Kasoli, ndama akizaliwa na taya fupi au miguu iliyojikunja, usiseme ni mkosi. Huenda ni kasoro ya kurithi, na dawa yake ni kuwa makini na dume.

1. Mkague ndama siku ya kwanza. Nawa mikono, ingiza kidole mdomoni upapase kaakaa mpaka nyuma. Akinyonya maziwa yakamtoka puani, shuku kaakaa limepasuka. Angalia ngiri ya kitovu. Ndama dume anapokua, hakikisha korodani zote mbili zimeshuka.

2. Usimhukumu dume haraka. Mimea yenye sumu, upungufu wa madini na baadhi ya virusi wakati wa mimba navyo huharibu ndama. Piga picha, mwite afisa mifugo. Ila ndama kadhaa wa dume mmoja wakiwa na kasoro ileile, hapo shuku damu.

3. Unono usikudanganye. Kasoro nyingi hujitokeza pale tu ndama anaporithi kinasaba kibovu kwa baba na kwa mama. Mwenye kimoja, yaani mbebaji, hunawiri vizuri, lakini hukigawa. Wabebaji wawili wakipandana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta ndama mwenye kasoro.

4. Badilisha dume kabla binti zake hawajapevuka. Miaka 2 hadi 3 inatosha. Dume mbebaji akipanda binti zake, kwa wastani ndama 1 kati ya 8 atapata kasoro. Usibadilishane dume na ndugu mliyegawana ng'ombe wa baba. Damu ni ileile.

5. Mwenye kasoro ahasiwe. Maksai bado atavuta jembe shamba la pamba, au atauzwa kwa nyama. Ukimpeleka mnadani bila kumhasi, mwenzako atamnunua kwa mbegu.

6. Weka daftari. Andika namba ya hereni, baba, mama na tarehe ya kuzaliwa. Ng'ombe wa mahari wakiingia, uliza wametoka zizi gani. Ukitumia uhimilishaji, muulize mtaalamu ukoo wa dume. Mbegu nyingi nchini hutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, Usa River, Arusha. Kumbukumbu husaidia: Marekani mwaka 2008, ndama wa aina ya Angus waliozaliwa wamekufa na kujikunja walikutwa na damu ya dume mmoja maarufu, GAR Precision 1680. Kumbukumbu za koo ndizo zilizosaidia kumfikia, kisha kikapatikana kipimo cha vinasaba cha kuwatambua wabebaji.

7. Kubalianeni majirani. Ng'ombe huchanganyika lamboni na kwenye ngitili, hivyo baba wa ndama wako anaweza kuwa dume wa jirani. Dume mmoja hutosha majike 20 hadi 25. Chagueni pamoja madume ya mbegu, mengine yote myahasi mapema.