Dondoo muhimu: Kuandaa mwongozo wa MUVU kwa makarani wa ushirika
Ofisa ushirika wa Njombe au Makambako, usianze kwa kueleza kila kitufe cha MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kaa kwanza na karani wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya parachichi, uone anakwama wapi. Kisha andika ukurasa mmoja kwa kazi moja: kusajili mwanachama, basi.

Picha za skrini husaidia sana, ila ziba majina na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda wanachama. Ukiongeza video, iwe fupi, maana bando lina gharama.

Ukimaliza, mpe mwongozo karani ambaye hakuhudhuria mafunzo ya MUVU, nawe unyamaze kabisa. Kila anapouliza, hapo pana sentensi ya kuandika upya. Na weka tarehe kwenye mwongozo, maana mfumo hubadilika.