Nyoka Tuwaonao Mtoni

Wavuvi wetu wa Mto Pangani hukutana na nyoka wengi. Si wote wenye sumu. Mwingine hata si nyoka! Mkunga akinaswa usiku hutushtua, lakini mulika taa: ana pezi refu mgongoni. Nyoka hana pezi.

Tunayemwogopa zaidi ni kifutu. Ni mnene, mfupi, rangi yake kama majani makavu. Hulala njiani wala hakimbii akisikia nyayo, ndiyo maana hukanyagwa. Tuvae viatu tukiteremka mtoni. Swila hutanua shingo na kutema mate. Yakiingia machoni, tuoshe upesi kwa maji mengi. Na yule wa kijani? Hapo tusibahatishe. Wapo wa kijani wasio na sumu, tena hupenda maji, lakini yupo mwingine, mkaaji wa miembe na minazi, ambaye sumu yake huua.

Mtu akiumwa asikimbie. Tusichanje, tusinyonye, tusikaze kamba. Jiwe jeusi nalo halitoi sumu. Tumvue pete na bangili kabla hajavimba, tufunge kijiti mguu usitikisike, tumbebe hospitali mara moja. Nyoka tumwache aende. Mganga atatuuliza tu alikuwaje.