Hisabati: Jizoeze, Woga Utapungua

Je, ukisikia neno Hisabati tumbo linakukata? Mikono inatoka jasho? Basi hauko peke yako. Ubongo ukihisi hatari, moyo huenda mbio, na zile kanuni ulizokariri jana zote zinayeyuka. Lakini kitu ulichokizoea hakikutishi sana. Kama unajiandaa kwa KCSE, dawa ni hii: ufanye mtihani huo mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

UJUE MTIHANI WAKO

Kuna karatasi mbili. Kila moja huchukua muda wa saa mbili na nusu na ina alama 100. Sehemu ya Kwanza ina alama 50, na unajibu maswali yote. Sehemu ya Pili ina maswali manane. Unachagua matano, kila moja alama 10.

Sasa piga hesabu: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lisikule zaidi ya dakika nne na nusu. Likikushinda, liruke, utalirudia baadaye.

KUSOMA TU HAKUTOSHI

Wengi wetu husoma daftari lile lile mara kumi, tukidhani tumeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima baada ya kusoma kifungu walikumbuka mengi zaidi wiki moja baadaye kuliko waliokisoma tena na tena. Basi fanya hivi:

1. Mwombe mwalimu karatasi za miaka iliyopita. Fanya moja kila wiki.
2. Weka saa mezani, funga daftari, usiinuke hadi muda uishe.
3. Jisahihishe bila kujionea huruma. Kando ya kila kosa andika sababu: sikujua, nilisoma swali vibaya, au niliharakisha? Magonjwa matatu, dawa tatu.
4. Baada ya siku tatu, rudia yale uliyokosa tu, bila kuchungulia majibu.

KIKOKOTOO HAKIFIKIRI

Unaruhusiwa kikokotoo kisichotoa sauti na kisichowekwa programu. Hata hivyo, maswali mengine hukataza kukitumia, kwa hiyo soma swali vizuri. Jizoeze na kile kile utakachoingia nacho. Usiazime kigeni asubuhi ya mtihani.

Angalia mitego hii:

* Pembe. Sine ya digrii 30 ni 0.5. Ukiona -0.988, kikokotoo kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii.
* Mabano. (12 + 18) ÷ (4 + 6) ni 3. Ukisahau mabano utapata 22.5, na kikokotoo hakitakuambia umekosea!
* Nukta. Kadiria kwanza kichwani. 19.8 × 5.1 ni karibu 20 × 5, yaani 100. Ukiona 1009.8, nukta imekuponyoka.

Tena, andika hatua zako zote. Maagizo ya karatasi yenyewe husema kuwa unaweza kupewa alama kwa njia sahihi hata kama jibu si sahihi. Ukiandika jibu tupu nalo likawa baya, mtahini atakupa alama za nini?

NA MWILI JE?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukilala, ubongo unapanga na kuhifadhi ulichosoma. Kukesha kwa kutafuna miraa au kumeza vidonge ni kujiibia: utaingia chumbani macho wazi, akili imechoka. Lala, kula kitu asubuhi, kunywa maji. Woga ukikuvamia katikati ya mtihani, weka kalamu chini. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, mara tano hivi. Kisha anza na swali unalolimudu. Na kama woga unakunyima usingizi au chakula kwa siku nyingi, usinyamaze. Mwambie mzazi, mwalimu au muuguzi.

JIPIME SASA

Bila kikokotoo, kadiria 48.7 × 0.21. Umepata karibu 10? Vizuri. Sasa bonyeza: ni 10.227. Umeona? Kichwa kimetangulia, kikokotoo kimefuata. Endelea hivyo hivyo hadi siku ya mtihani.