Njia ya Neno, Toka Moyoni Hata Kinywani

Hakuna kazi tuifanyayo mara nyingi kama kusema, wala hakuna kazi tuifikiriayo kidogo kama hiyo. Twafungua kinywa, na maneno yamekwisha kutoka. Wazee walisema kwamba kinywa ni jumba la maneno, nasi twadhani maneno yamekaa mlangoni pa jumba hilo, yakingoja kuitwa tu. Lakini sivyo. Toka wazo lizaliwapo moyoni hata lisikiwapo na mwenzetu iko njia, na njia hiyo yaweza kukatika. Mwezi huu twataka kujifunza habari zake, kwa sababu katika sharika zetu wako watu ambao njia yao imekatika, nasi mara nyingi tumewatendea vibaya pasipo kujua.

I. Vituo vitatu

Kituo cha kwanza ni wazo lenyewe. Mtu aona uchungu, au ataka kitu, au akumbuka jambo. Alijua moyoni, lakini bado halina neno.

Kituo cha pili ni kulivika wazo lile maneno na kuyapanga kwa kawaida ya lugha. Tutwae neno moja tu la Kiswahili: nimemsamehe. Laonekana dogo, kumbe limeunganishwa kwa vipande vinne. Ni- ndiye asemaye. -Me- yaonyesha kwamba jambo limekwisha kutimia. -M- ndiye atendewaye. -Samehe ndilo tendo. Msemaji na mtendewa wakibadilishana mahali, maana yageuka kabisa: amenisamehe ni habari nyingine. Nasi twavipanga vipande vyote kwa mara moja, pasipo kuhesabu.

Kituo cha tatu ni kutamka. Pumzi hutoka mapafuni, hutikisa nyuzi za sauti zilizo kooni, kisha ulimi, meno, kaakaa na midomo huifanya kuwa sauti mbalimbali. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hutamka sauti 10 na zaidi kwa sekunde moja.

Sasa shikeni sana jambo hili, kwa maana ndilo shina la somo letu: kituo kimoja chaweza kuharibika na vingine vikabaki vizima. Asiyeweza kusema si lazima awe asiyeweza kufikiri. Twaliona jambo hili katika habari za Zakaria, Luka 1. Usemi wake ulizuiliwa, lakini jina la mtoto alilijua. Jamaa na jirani walikuwa tayari kumpa mtoto jina jingine. Yeye akaomba kibao, akaliandika jina lililo kweli. Kama wasingalimpa kibao, wangalifuata mapenzi yao wenyewe, huku baba yu hai mbele ya macho yao.

II. Mtu aliyejibu kwa vidole

Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, jina lake Paul Broca, aliletewa mgonjwa katika hospitali ya Bicêtre, karibu na mji wa Paris. Mgonjwa huyo aliitwa Leborgne, umri wake miaka 51. Alikuwa amekaa pale miaka 21, na tangu kuingia kwake hakuwa na usemi. Kila alipoulizwa neno alijibu, “Tan, tan,” hata watu wa hospitali wakamwita Tan. Baadaye mkono wake wa kuume ukapooza, kisha na mguu.

Wengi wangalisema, Huyu hana akili tena. Broca akamwuliza amekaa pale miaka mingapi. Yule mtu akafungua kiganja chake mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Vidole vitano mara nne ni 20, na kimoja ni 21. Siku ya pili akaulizwa tena, akajibu vile vile. Alipoulizwa mara ya tatu alitambua kwamba anajaribiwa tu, akakasirika, na neno la kuapiza likamtoka kinywani. Tazameni basi: mtu huyu alikumbuka, alihesabu, tena alijua anapodharauliwa. Wazo lilikuwapo. Lililopotea ni njia.

Leborgne alikufa tarehe 17 Aprili mwaka ule ule. Broca alipoutazama ubongo wake aliona kwamba sehemu ya mbele, upande wa kushoto, imeharibika. Kwa watu walio wengi kazi ya lugha iko upande huo wa kushoto. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio utawalao upande wa kuume wa mwili, mara nyingi twaona mtu aliyepooza mkono wa kuume amepotewa na maneno pia. Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza namna nyingine: wako wagonjwa wasemao kwa wingi na kwa haraka, lakini maneno yao hayana maana, nao wenyewe hawafahamu vizuri wanayoambiwa. Kwa hiyo wagonjwa hawa si wote namna moja. Madaktari huuita udhaifu huu afasia. Mara nyingi sababu yake ni kiharusi, yaani mshipa wa damu ulio katika ubongo umeziba au umepasuka.

III. Mzee aliyesema “kesho”

Tulikuwa na mzee wa usharika, mtu wa maneno machache lakini yenye uzito. Asubuhi moja alianguka shambani. Alipopata fahamu, upande wake wa kuume ulikuwa umepooza, na neno lililobaki kinywani mwake lilikuwa moja tu: kesho. Akiletewa uji, “Kesho.” Akisalimiwa, “Kesho, kesho.” Wengine walisema anangojea kupona kesho. Wengine walisema akili imemtoka.

Twaona haya kuyaandika yanayofuata. Sisi wenyewe tulikwenda kumtazama, tukakaa kitandani pake, tukaongea na watoto wake juu ya kichwa chake. Tuliulizana habari za shamba lake na mbuzi wake, nani atatunza nini, kana kwamba tumekaa kando ya kaburi. Mzee alitutazama, machozi yakamtoka. Tukasema, Ni ugonjwa tu. Tukaomba, tukaenda zetu.

Aliyetufundisha ni mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye kila siku alimlisha. Alituambia, “Baba Mchungaji, baba anasikia yote. Mimi namwuliza, naye hunibana mkono. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo.” Tukarudi, tukakaa mbele ya mzee, tukamwuliza yeye mwenyewe. Je, kuna kitu akitakacho? Akabana mara moja. Ni chakula? Siyo. Ni dawa? Siyo. Ni mtu? Ndiyo, naye akabana kwa nguvu. Mtu wa nyumba hii? Siyo. Tukaendelea pole pole, mlango kwa mlango, mpaka tukafika kwa ndugu yake mdogo, ambaye walikuwa hawasemezani muda wa miaka 9 kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tulipotaja jina lile, mzee hakutuachilia mkono.

Ndugu yake akaitwa, akaja, akasimama mlangoni. Mzee akanyosha mkono wa kushoto, akasema, “Kesho.” Hakuwa na neno jingine. Ndugu yake akauliza, “Wataka kusema kwamba umenisamehe?” Akabana mara moja. “Nami nikusamehe?” Akabana tena. Wakakaa pamoja mpaka jioni. Musa naye alijiona mzito wa kinywa, akapewa Haruni ndugu yake awe kinywa chake. Siku ile tulifahamu zaidi maana ya habari hiyo.

Mzee aliishi baada ya hayo, akapata tena maneno kadha wa kadha, ingawa si yote.

IV. Habari ya wimbo

Jambo jingine lilitushangaza. Jumapili moja vijana walikwenda kuimba nyumbani kwake, naye akaimba pamoja nao, maneno na sauti, ubeti mzima. Watu wakasema ni mwujiza, kesho yake atasema kama zamani. Hakusema, wimbo ulipokwisha, usemi ukawa vile vile.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za mtu aliyepotewa na usemi kwa ugonjwa, naye hata hivyo aliweza kuimba nyimbo za kanisa alizojifunza alipokuwa mzima. Maneno yaliyoshikwa kwa moyo pamoja na sauti yake hayafuati kabisa njia ile ile ya maneno tunayoyatunga wenyewe. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza namna ya kuwafundisha baadhi ya wagonjwa hawa kwa kuyaimba maneno ya kila siku pole pole, huku mkono wa kushoto ukigonga mapigo. Si wote wasaidiwao kwa njia hiyo, lakini wako waliosaidiwa. Basi tusichoke kuwaimbia wagonjwa, wala tusiwaahidi kupona kwa ajili ya wimbo.

V. Yatupasayo kuyafanya

1. Uso ukipindika ghafula, au mkono ukilegea, au usemi ukiharibika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Tusingoje kuona kama litapita. Na mahali palipo na mtaalamu wa kufundisha usemi, apelekwe kwake mapema.

2. Tuseme naye, tusiseme juu yake. Jambo tusilotaka alisikie, tusiliseme chumbani mwake.

3. Tuulize jambo moja moja, kwa maneno mafupi, ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo. Wako wanaochanganya hayo mawili. Kwa hiyo tuulize mara ya pili kwa namna nyingine kabla ya kuamini kwamba tumeelewa. Hasa iwe hivyo katika mambo ya mali na urithi.

4. Tungoje. Neno lake laweza kuchukua muda mrefu kupanda. Tusimnyang'anye kwa kulimaliza sisi, ila akitaka tumsaidie.

5. Tusijifanye tumeelewa tusipoelewa. Ni heri kusema, “Baba, sijakufahamu, tujaribu tena.”

6. Tusipaze sauti kana kwamba ni kiziwi, wala tusiseme naye kama mtoto mchanga. Ni mzee yule yule, na salamu yake ni ile ile.

Nasi tulio wazima, tujiulize. Mzee wetu alikuwa na miaka 9 ya kusema nimekusamehe, na kinywa chake kilikuwa kizima siku zote hizo. Wazo lilikuwapo, maneno yalikuwapo, ulimi ulikuwapo; kila siku alisema moyoni kwamba ataliondoa kesho. Ugonjwa ulipokuja ulimwachia neno hilo moja. Hatusemi kwamba Mungu alimwadhibu kwa neno. Madaktari wasema kwamba hakuna ajuaye ni neno gani litabaki. Twasema tu kwamba aliye na njia nzima aitumie. Kama liko neno unalomdai ndugu yako, au analokudai, nenda ukalitamke leo, kabla jua halijatua.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya walimu

1. Taja vituo vitatu vya njia ya neno. Eleza kila kimoja kwa mfano wa lugha ya nyumbani kwenu.

2. Leborgne alionyeshaje kwamba akili yake ipo?

3. Je, katika usharika wako yuko mtu asiyeweza kusema? Nani humtembelea, na huyo humwuliza nini?

4. Soma Luka 1:59–64. Jirani walimtendeaje Zakaria, na kibao kilisaidia nini?